Kadi ya Bamvua

Siku binti wa mwenye duka la madaftari alipokuja nyumbani kwangu na maboksi mawili ya biskuti, sikujiuliza ameamkaje. Nilijiuliza anataka nini. Niliitikia shikamoo yake, nikamtolea kiti cha mgeni, nikamwambia karibu mwanangu, na muda wote huo jicho langu lilikuwa kwenye yale maboksi. Biskuti zilikuwa za kutoka nje, na mimi ni mtu niliyepita katika miaka ya foleni. Miaka ile jirani akikuletea kipande cha sabuni bila kuombwa, ujue keshokutwa atakutuma ukamshikie nafasi kwenye foleni ya unga tangu alfajiri. Foleni zilikuwa zimekwisha, maduka yamejaa kila kitu, lakini macho niliyoyapata kwenye foleni yalibaki vilevile.

Nilikuwa nikifundisha jiografia darasa la saba, shule ya msingi, hapa Tanga mjini. Binti huyu nilimjua tangu akiwa mdogo, akikaa juu ya kaunta ya baba yake akipanga penseli. Watu wao ni Waislamu wenye asili ya Kihindi, wamo Tanga tangu babu yangu hajazaliwa, na Kiswahili chao ni cha hapahapa. Alikwenda ng'ambo kusomea mambo ya kompyuta, na tangu aliporudi kona moja ya duka ilikuwa na kompyuta tatu zilizokwisha kutumika, zilizokuja kwa meli kutoka Dubai, zimefunikwa vitambaa kama cherehani. Watu waliingia kununua daftari, wakazitazama, wakatoka.

"Mwalimu," aliniambia, "nataka kutengeneza programu ya kufundishia jiografia. Mtoto akae mbele ya kompyuta, aone picha, asikie sauti, aulizwe swali, ajibu, aambiwe kama amepata. Lakini siwezi kuandika hata mstari mmoja kabla sijajua mtoto hufundishwaje. Kila niliyemuuliza mjini hapa kanitajia wewe."

Nilijua ninavishwa kilemba cha ukoka. Nilicheka, nikasema Mungu akubariki, nikamwambia nitafikiri.

Lazima nieleze kwa nini nilihitaji kufikiri. Mume wangu alikuwa fundi kiwandani. Serikali ilipokiuza kile kiwanda, mwenyewe mpya alikuja, akatazama mashine, akatazama watu, akaona vyote viwili vimechakaa. Mume wangu alirudi nyumbani mchana mmoja na barua moja na ovaroli mbili. Tangu siku hiyo nyumba yetu ililishwa na baraza. Kila alasiri watoto wa darasa la saba kutoka shule tatu nne walikuja kukaa kwenye mabenchi barazani kwangu, nikawafundisha tena kile walichofundishwa asubuhi, safari hii taratibu na kwa notisi zangu. Ndiyo tuisheni. Mshahara wa ualimu ulikuwa jina tu. Tuisheni ndiyo iliyopika. Na tuisheni ni notisi. Mwalimu mwenye notisi nzuri alijaza mabenchi, na notisi zikitoka nje ya baraza yake, mabenchi yalihamia kwa mwingine.

Zangu nilizikusanya kwa miaka ishirini. Za mwanzo nimeziandika nyuma ya fomu za shamba la mkonge, maana karatasi ilikuwa adimu na mjomba wangu alikuwa karani huko. Upande mmoja idadi ya marobota ya katani, upande wa pili mwelekeo wa pepo za kusi na kaskazi. Nilizifungia ndani ya sanduku la nguo, na ufunguo niliufunga kwenye pindo la kanga.

Kufuli peke yake haikutosha, kwa hiyo sisi walimu wa tuisheni tulikuwa na desturi yetu. Kila mmoja alitia uongo mmoja katika notisi zake, mdogo, mahali anapopajua mwenyewe. Tukiuita mtego. Ulipofika mahali hapo barazani, uliwaambia watoto wako kwa mdomo, "Hapo futeni, andikeni hivi." Watoto wako walibaki na ukweli. Aliyeiba notisi akazinakili alibaki na uongo, na siku ulipouona uongo wako kwenye ubao wa mtu mwingine ulimjua mwizi bila kuuliza. Hatukuona ubaya wowote, kwa sababu mdomo wa mwalimu ulikuwepo kusahihisha. Hakuna mtoto aliyetoka barazani kwangu na mtego kichwani.

Mwalimu wa hesabu wa shuleni kwetu ndiye aliyenijaza maneno. Alikuwa Mshambaa wa Lushoto, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mpole wa sura, na mitego yake ilikuwa mikali kuliko yetu sote. Nilipomweleza habari za binti wa dukani, aliangalia kwanza mlango wa ofisi ya walimu kama umefungwa.

"Dada, hawa wanataka kichwa chako," alisema. "Wakishakitia ndani ya kile kisanduku, wewe watakubakishia chaki."

"Yule ni mtoto wa hapa. Namjua."

"Namjua na mimi. Na baba yake namjua. Lini uliona mfanyabiashara akipanga jambo ambalo faida yake inaishia kwako?"

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakinichoma. Mume wangu alikuwa akigonga benchi bovu, akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe unashuku hata kivuli chako," alisema. "Nenda ukaone. Ukiona hapafai, una miguu." Nikaenda. Lakini nilikwenda kama mtu aendaye kwa mganga asiyemwamini, mkoba nimeubana kwapani.

Tulikutana katika stoo ya duka, baada ya tuisheni, katikati ya makatoni ya madaftari. Nilitarajia anikalishe mbele ya kompyuta. Hakuzifunua hata vitambaa. Alitandika juu ya meza karatasi za manila alizozikata vipande vya ukubwa mmoja, akaniambia kila kipande ni kioo cha kompyuta kama mtoto atakavyokiona. Juu tuliandika kinachoonekana. Katikati tuliandika maneno yatakayosikika. Chini tulichora vidirisha vya majibu, na nyuma ya kadi tuliandika kompyuta itamwambia nini mtoto akipata na itamwambia nini akikosa. Tulipanga sauti iwe yangu. Haikuwa hivyo mwishowe, ila wakati ule ndiyo ilikuwa ahadi, na sitaficha kwamba ilinipendeza.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya pande za dunia. Niliimaliza kwa dakika mbili. Binti akaisoma, akaigeuza nyuma, akauliza, "Mtoto akikosea hapa, huwa anakosea vipi?"

"Anakosea tu. Umwambie amekosa, arudie."

"Hapana, mwalimu. Anakosea kwa nini? Anafikiria nini mpaka anakosea?"

Hapo niliweka kalamu chini. Majibu sahihi yamo kwenye vitabu, mtu yeyote anaweza kuyachukua. Huyu alikuwa hayataki. Alikuwa anataka makosa. Na makosa ya watoto ndiyo mali yangu hasa. Ninajua kwamba mtoto anayekataa katakata kuwa mto Nili huenda kaskazini si mjinga: ramani ya darasani imetundikwa ukutani, kaskazini iko juu, na yeye hajawahi kuona maji yakipanda. Ukilaza ramani sakafuni anaelewa siku ileile. Ninajua kwamba anayeandika kuwa kileleni mwa mlima kuna joto amefikiri vizuri sana; amefikiri kule ni karibu na jua. Mambo haya hayamo katika notisi za mtu yeyote. Nimeyapata kwa kusahihisha maelfu ya daftari huku nikikasirika, hadi siku moja nilipoacha kukasirika nikaanza kuuliza.

Nilimpa yale mawili, la Nili na la mlima. Aliyaandika upesi, akacheka kwa furaha ya kweli, akasema, "Basi kwenye kadi ya Nili, mwalimu, tuilaze ramani! Akikosea, ramani ilale chini polepole akiiona." Akachora ramani inayolala. Ilikuwa nzuri sana. Katika miaka ishirini hakuna aliyewahi kuniuliza ninajua nini kuhusu makosa ya watoto. Nilifurahi kupita kiasi, na nikiwa njiani kurudi nikaanza kuishuku hata ile furaha. Mtu anayekufurahisha kiasi hicho anakupeleka wapi?

Tuliendelea hivyo majuma kadhaa. Alasiri moja nilifika mapema kidogo, mtumishi wa dukani akaniambia pita ndani. Nikamkuta binti anaingiza fotokopi za kadi zetu kwenye bahasha kubwa ya kaki. Niliwahi kuona anwani ya Dar es Salaam. Aliponiona aliishusha mezani, akaweka gazeti juu yake.

"Kitu gani hicho, mwanangu?"

"Mambo ya baba tu, mwalimu. Karibu, keti."

Mambo ya baba, na mwandiko ni wangu! Niliketi, nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Hadi leo sijui bahasha ile ilikwenda kwa nani. Labda ilikuwa ya kuombea msaada, labda ya mchoraji, labda ilikuwa ya mchapaji wa vitabu, kama nilivyowaza. Niliamua siku ileile kwamba nitatega.

Kadi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya maji kujaa na kupwa. Mimi ni mzaliwa wa Moa, kijiji cha wavuvi, na kwetu mambo hayo hayafundishwi, unakua nayo. Mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa kupita kiasi, kisha hutoka mbali mno, mwamba ukabaki wazi, watu wakaingia kutafuta riziki kwa miguu. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, bahari haijai sana wala haitoki sana. Niligeuza. Niliandika kwamba bamvua ni ya mwezi nusu, na maji mafu ni ya mwezi mpevu. Nyuma ya kadi niliandika kwa mkono uliotulia: akigusa mwezi mpevu, aambiwe amekosa.

Nilikuwa nimeipiga hesabu yangu. Mtu wa pwani akiisoma atagutuka. Mtu wa ofisini huko Dar es Salaam anayeandika vitabu kwa kunakili hatagutuka, ataichapa, na mimi nitakuwa nimemshika. Binti nitamwambia kabla kazi haijaingia kwenye sidii ya kompyuta. Kwa mdomo. Kama kawaida yetu.

Aliisoma, akasita. "Mwalimu, una hakika na hapa kwenye mwezi?"

Huo ndio ulikuwa mlango, umefunguliwa mbele yangu. Lakini nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya bahasha, na swali lake nililichukua kama dharau. "Kati yangu na wewe," nikamwuliza, "nani mwalimu?"

Akaona haya. "Nisamehe, mwalimu. Mimi mtoto wa dukani, bahari naijua ya kupunga upepo." Akaiweka kadi mahali pake katika rundo.

Nilikusudia kumwambia juma lililofuata. Halafu juma lililofuata mwalimu wa hesabu akaniambia amesikia kuna mtu huko Dar es Salaam anakusanya notisi za walimu wa mikoani, nikaona ngoja kwanza. Kisha mitihani ya majaribio ikaingia. Kisha nikawa nimezoea kutomwambia.

Kadi zilipokamilika binti alisema bado hataandika programu. Alitaka kwanza tuujaribu mpango kwa watoto wasionijua mimi, tuone wanakwama wapi. Alikuwa na jamaa anayefahamiana na mwalimu wa shule moja ya ng'ambo ya mto, Pangani. Tukapanda basi asubuhi na mapema, tukavuka na kivuko, mimi nimepakata rundo la kadi kwenye mfuko wa nailoni, yeye amebeba katoni tupu ya madaftari kichwani kama mchuuzi. Watu wa kwenye kivuko walituuliza tunauza nini.

Ile katoni ndiyo ilikuwa kompyuta. Alikuwa ameikata dirisha upande mmoja na mwanya upande wa juu wa kutumbukizia kadi. Darasani tuliiweka juu ya meza, nyuma yake tukafunga kamba tukatundika kanga yangu, na nyuma ya kanga nikakaa mimi na orodha ya maneno. Mtoto anakaa mbele, anaangalia kadi dirishani, anagusa jibu kwa kidole. Binti amesimama pembeni, anasema, "Amegusa la pili." Mimi nyuma ya kanga nasoma kilichoandikwa kwa jibu la pili. Basi. Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia mara mbili kwenye basi: "Usiongeze neno, mwalimu. Kompyuta haina huruma, haimwoni mtoto usoni. Soma kilichoandikwa. Tukimsaidia leo hatutajua mpango wetu una kasoro gani."

Watoto watatu wa mwanzo walikwenda vizuri. Walicheka kusikia sanduku linaongea, darasa zima likacheka nao, na mwalimu wao, kijana mwembamba wa Muheza, akawa anazunguka kuwatuliza. Kwenye kadi ya Nili wote watatu walikosea kwa namna ileile niliyotabiri, na ramani ilipolazwa wote watatu wakasema "Aaa!" Nyuma ya kanga nilikuwa natabasamu peke yangu. Kadi ya bamvua hawakuifikia, kila mmoja alipewa kadi ya Nili na fungu lake.

Wa nne alikuwa msichana. Mwalimu wao aliinama akamnong'oneza binti, ila niliyasikia: "Huyu ni mzito kidogo, lakini mjaribuni." Kanga ilikuwa na tundu dogo la moto wa pasi, nikamwona. Sketi yake ilishushwa pindo mara mbili, mistari ya pindo la zamani inaonekana. Aliketi ukingoni mwa kiti. Kila swali aliinua kidole, akakizungusha hewani, akamtazama binti usoni kutafuta jibu, kisha akagusa popote. Alikosa, akakosa, akapata moja kwa bahati. Sauti yangu ikawa inamwambia, "Umekosa. Jaribu tena," na kila mara mabega yake yalishuka kidogo.

Binti akatumbukiza kadi ya bamvua.

Mtoto alisoma swali akitingisha midomo: bamvua huja mwezi ukiwaje? Halafu nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwake tangu aketi: alinyooka. Hakumtazama binti. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye mwezi mpevu na kikabaki hapo.

"Amegusa la kwanza," binti akasema.

Nilikuwa na karatasi mkononi. Nilijua kilichoandikwa bila kukisoma. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema nimepoteza ukurasa. Lakini binti alikuwa pale na kalamu, ningetoa maelezo gani? Nikafikiri, ngoja apite huyu, nitarekebisha baadaye. Nikasoma, "Umekosa. Jaribu tena."

Mtoto hakuamini. Alidhani sanduku halikumwona, akagusa tena mwezi mpevu, kwa nguvu, hata katoni ikasogea.

"Amegusa la kwanza."

"Umekosa. Tazama vizuri picha ya mwezi."

Darasa likacheka. Kidole chake kikabaki hewani. Kisha polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichokwisha kupewa, akakihamisha akagusa mwezi nusu.

"Amegusa la tatu."

"Vizuri sana," nikasoma. "Umepata."

Sikumwona akifurahi. Alimgeukia binti, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mama hajui."

"Hajui nini?"

"Mama anakwenda kuchokoa pweza mwezi ukiwa mpevu. Na mwezi mchanga. Ndo' maana siku nyingine anarudi mtupu." Alikuwa anafikiri huku anasema, anapanga mambo kichwani, na nilimwona anafikia mwisho wake. "Nikirudi nitamwambia. Nitamwambia asiende tena siku hizo."

Nilimfahamu mama yule bila kumwona. Kwetu Moa wamejaa, wanawake wanaoingia mwambani na kijiti na kikapu, maji yakiwa yametoka, na kurudi yakiwafukuza. Siku zao ni zile za bamvua tu. Ukimnyima mwanamke huyo siku hizo, umemnyima kila kitu. Na anayekwenda kumwambia si mwizi wa Dar es Salaam. Ni mwanawe, mzito wa darasani, aliyekuwa na jambo moja tu analolijua kwa hakika, nami nimemtoa kwenye jambo hilo mbele ya wenzake.

Niliishusha ile kanga. Watoto wakapiga kelele kuona sanduku lina mtu, na wengine wakaanza kucheka upya. Mwalimu wao akawanyamazisha. Nilikuja nikachutama mbele ya kiti cha yule msichana, magoti yananiuma, nikamwambia, "Mama yako anajua. Usimwambie kitu. Bamvua ni mwezi mpevu na mwezi mchanga, kama ulivyosema wewe. Ulipata mara ya kwanza, na mara ya pili ukapata."

"Sanduku lilikosea?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Binti alikuwa amesimama juu yangu, kalamu imesimama juu ya daftari, na hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu siku kurudi nyuma, anaikumbuka alasiri ile ya stoo na swali lake na jibu langu.

"Sanduku halikukosea," nikasema. "Aliyeandika ni mimi. Niliandika uongo makusudi."

Nilitarajia aulize kwa nini. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutafuta maneno ya kumweleza mtoto wa miaka kumi na mitatu habari za notisi, na mabenchi, na bahasha ya kaki, na nikaona hakuna hata moja litakalosimama. Hakuuliza. Aliangalia rundo la kadi lililokuwa mezani, zile alizojibu na zile ambazo hakuzifikia.

"Na hizo nyingine?"

"Nyingine zote ni za kweli."

Darasa zima lilikuwa linazitazama kadi sasa. Hata mwalimu wao alikuwa akilitazama lile rundo, na kwa namna alivyonikazia macho nilijua anajiuliza ni nani huyu aliyemruhusu aingie. Nikamgeukia binti, ili angalau yeye anisaidie, aseme mwalimu huyu namjua. Binti alifumba daftari lake, akavuta kiti, akakaa. Na yeye alikuwa anangoja.

Yule msichana akanyoosha mkono, akachukua kadi ya juu, ya mto Nili, akaishika mbele ya uso wangu.

"Hii?"

"Ya kweli."

"Apa."

Nilikuwa na miaka ishirini na zaidi kazini, na tangu nianze sikuwahi kuombwa na mwanafunzi niape juu ya somo. Nikasema wallahi ni kweli, mto Nili huenda kaskazini. Akaiweka kadi ile pembeni, akachukua inayofuata.